Hina Inayogeuka Kijani

Siku hizi hina ya harusi huchanganywa na chembe zisizoonekana kwa macho, ambazo hunasa dalili za ugonjwa kwenye jasho kabla mwili wenyewe haujahisi kitu. Ua lililochorwa likikauka na kugeuka kijani, wanawake hupiga vigelegele, maana ugonjwa ulionaswa mapema hivyo huisha kwa vidonge.

Mama aliikataa miaka yote. Bibi, mama yake, alikufa kwa saratani, naye hakutaka kujua lolote. Asubuhi ya harusi yangu nilimbembeleza mpaka akatoa mkono.

"Mchore haraka, Raya, kabla hajatoroka!" Bi Saumu, shangazi wa bwana harusi, alimwambia mchora hina. Tukacheka.

Hina ilipokauka, ua la kwenye kidole gumba chake likageuka kijani.

Vigelegele vilitikisa nyumba. Nilimkumbatia Mama. "Umepona, Mama! Umepona kabla hujaugua!"

"Basi niache nipumue, wewe," alisema, huku akicheka na kulia.

Bi Saumu alipiga vigelegele kuliko wote. Kisha akanijia, akaushika mkono wangu na kuupeleka dirishani penye mwanga.

"Hina yako bado haijakauka, mwanangu," alisema taratibu. "Bibi yako, sasa mama yako. Tungoje."

Hakuuachia mkono.