Kadi Mpya ya Hekalu la Mazu

Mungu alicheka kwa mara ya pili, na skrini ilikuwa bado nyeusi.

"Amecheka tena," alisema Shangazi A-Lien, mfagiaji wa hekalu, akiviokota vile vipande viwili vya mti mwekundu alivyovirusha sakafuni. Vyote vilikuwa vimelala chali, ndicho kicheko chake. Kimoja kingelala chali na kingine kifudifudi, Mazu, mungu wa hekalu hilo, angekuwa amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. "Umemuuliza swali la kijinga, mwanangu."

Boyan, fundi wa kompyuta, alichomoza kichwa nyuma ya kasha la mashine. "Nimeuliza kama tatizo ni RAM."

"Na mwanzo uliuliza kama ni betri. Unadhani Mazu anauza vipuri?"

Asubuhi ile Boyan alikuwa amefunga kadi mpya ya picha, nene kama tofali, aliyoinunua Mwenyekiti wa hekalu, Tsai, mwenyewe ili skrini kubwa ya uani ionyeshe maandamano ya mungu bila kukwamakwama. Feni zilizunguka. Taa ndogo ziliwaka. Skrini, hakuna kitu. Aliichomoa kadi akaichomeka tena. Akasugua meno ya shaba ya kadi kwa kifutio cha penseli. Akabadilisha waya wa umeme. Wapi. Kila jaribio lilikula robo saa, na kiti chenye sanamu ya Mazu kilikuwa njiani kurudi hekaluni, mabegani mwa vijana, na nyuma yake wajumbe wa mahekalu kumi na moja.

"Rudisha kadi ya zamani," alisema Mwenyekiti.

"Ya zamani uliwaachia dukani, Mwenyekiti, wakupunguzie bei ya hii."

Shangazi A-Lien alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Mwenyekiti alitazama saa. Chini ya skrini jina lake lilikuwa limeandikwa kwa dhahabu: Imetolewa na Tsai Ming-te. Kitu cheusi, cha mraba, chenye jina la mtu kwa dhahabu, kinafanana sana na kaburi, na wageni wangeliona hilo kabla hata ya kushika vikombe vya chai.

"Saa sita," alimwambia Boyan. "Ikifika saa sita haijawaka, kusanya bisibisi zako uende. Shemeji yangu wa mjini ana cheti cha kazi hii. Wewe ulijifunzia wapi?"

"Kwa kuharibu, Mwenyekiti."

"Inaonekana."

"Labda kosa si la mashine," alisema Shangazi A-Lien. Alivishika vile vipande kifuani, akafumba macho. "Mazu, kuna mtu hapa amewakosea watu?"

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Mwenyekiti Tsai hakuwa mtu wa kuogopa sheria. Alishaizunguka mara nyingi mno. Lakini mara tatu mfululizo, mbele ya wapishi waliokwisha kutoka jikoni kuchungulia, ni jambo lingine.

"Ni huyu fundi?" aliuliza Shangazi A-Lien. Vyote kifudifudi. "Ni mimi?" Vyote kifudifudi. Akageuka. "Sijui tumebaki wangapi."

Mwenyekiti alihesabu.

"Isije ikawa ile habari ya kiwanda," alisema Shangazi A-Lien, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

Ilikuwa imepita miaka ishirini na minane. Jumatatu moja wanawake ishirini na sita wa kiwanda cha redio cha Tsai walikuta mnyororo getini na mashine zimeshapakiwa melini. Hakuna aliyeagwa. Kila mwaka, tarehe ileile, walisimama nje ya nyumba yake wakimtaka jambo moja tu: atoke, awaombe radhi, kila mmoja kwa jina lake. Kila mwaka, tarehe ileile, Mwenyekiti alikuwa na mafua.

Sasa alipiga magoti, suti na yote. "Mazu, wale wanawake wa kiwandani, naomba radhi."

Vyote kifudifudi.

"Amekataa. Anauliza wanawake gani."

"Nitawakumbukaje, Shangazi?"

"Mimi nilikuwa meza ya pili. Nitakusaidia."

Akawa anatamka jina, naye Mwenyekiti anafuatisha na kuomba radhi. Hung Mei-chu wa meza ya spika. Chien Yueh-e, mfunga maboksi. Wapishi wawili walisikia majina yao, wakashusha miiko. Fataki zilianza kusikika darajani. Kiti cha Mazu kilikuwa kinavuka mto. Mwenyekiti alianza kukimbiza majina.

"Polepole," alisema Shangazi A-Lien. "Mungu ana masikio ya kizee kama mimi."

Boyan alikuwa amechuchumaa nyuma ya kasha, kurunzi mdomoni, mkono mmoja ndani ya nyaya, jasho linamtiririka.

"Unafanya nini huko?" Mwenyekiti alimkemea kutoka sakafuni. "Imebaki robo saa."

"Najaribu, Mwenyekiti. Endelea tu, usinisubiri."

Jina la ishirini. La ishirini na tatu. Suruali ya Mwenyekiti ilikuwa imeota vumbi magotini, na hakuna aliyemletea mto.

"Ishirini na watano," alisema Shangazi A-Lien. "Bado mmoja. Huyu mtaje mwenyewe."

Mwenyekiti alifumba macho. Ngoma zilifika kona ya soko.

"Liao Su-chen," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wa meza ya kuunganisha nyaya. Yule aliyekuwa na mimba. Alikuja ofisini kuniuliza, nikapita mlango wa nyuma. Naomba radhi."

Nyuma ya kasha, Boyan, ambaye ndiye aliyekuwa ile mimba, aliukaza waya wa skrini aliokuwa ameulegeza mwenyewe tangu saa mbili asubuhi.