Mwanga Kitandani

Mwanga ulimpiga Ebei usoni, akaamka akitukana. Namuria, mkewe, alikuwa ameketi kitandani na simu mkononi, taa yake ikiwaka.

"Tena? Saa hizi?"

"Lala, Baba Ekiru," alisema na kuizima. "Si kitu."

Ilikuwa wiki ya tatu. Kila usiku mwanga ule ule, kila usiku kugutushwa. Asubuhi Ebei aliamka kichwa kinamgonga, mdomo mkavu, macho mazito. Alikuwa dereva wa lori la maji hapo Kakuma, na jana yake alisinzia kwenye usukani mchana kweupe. Alizinduka wanawake wakiruka kando na kuacha mitungi yao barabarani. Hakugonga mtu, bahati tu.

Hata redio ilishasema. Daktari mmoja alieleza kwamba mwanga wa simu kitandani hufukuza usingizi, na Ebei akaongeza sauti makusudi. Namuria alisikiliza mpaka mwisho. Usiku simu ikawaka.

Kilichomchoma zaidi ni Mawien, yule Msudani Kusini aliyechaji simu za watu kwa jenereta yake kwenye kambi ya wakimbizi.

"Ejok, dereva," alimsalimu kwa Kiturkana akicheka. "Simu ya mama inakuja kwangu kila siku, imekufa kabisa. Usiku anaongea na nani?"

Ebei hakucheka. Jioni hiyo alisimama mlangoni, akaziba njia.

"Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Lete simu."

"Nipe mpaka Ijumaa," Namuria alisema. "Kuna mtu lazima nimwone Lodwar. Nikirudi nitakuambia yote."

"Mtu! Tena wa Lodwar!"

"Nikikuambia sasa, hutalala."

"Kwani sasa ninalala? Nimekaribia kuua watu kwa sababu yako! Mimi nakufa na usingizi, wewe unachekeana na mwanaume kitandani kwangu!"

Alimnyang'anya simu. Akazitupa nguo zake nje, moja moja, mpaka majirani wakatoka kutazama. Namuria hakulia. Alizikusanya kwenye leso, akamshika mtoto wao, Ekiru, mkono. Angelala kwa dada yake, kesho aanze safari ya kwa mama yake, Kataboi.

Kabla ya kuondoka aligeuka. "Basi mwite ndugu yako alale hapa leo."

"Nimekuwa mtoto? Toka!"

Alipobaki peke yake Ebei aliketi kitandani, akaifungua ile simu. Alitafuta ujumbe, hakuna. Alitafuta namba, akakuta ya mama mkwe na ya dada mtu tu. Lakini video zilikuwa ishirini na moja, zote za usiku. Alikaza meno, akagusa ya mwisho ili amwone huyo mwanaume uso.

Mwanaume alikuwepo. Alilala chali, mdomo wazi, na alikuwa Ebei mwenyewe. Kifua kilipanda, kikashuka, kikasimama. Sauti ya Namuria ilianza kuhesabu kwa kunong'ona, ikafika thelathini, ikaanza kutetemeka. Kisha mkono wake ukaingia kwenye picha, ukamtikisa bega kwa nguvu.

"Pumua, Baba Ekiru. Pumua."