Mkono Mgeni Bandani

Mfuniko wa sufuria uligonga gizani jikoni. Mzee Ambakisye alikuwa akipasha maji ya kukamulia. Atupele akaamka, akamfunga mwanawe mgongoni. Alikuwa amelala hapo shambani makusudi. Asubuhi hiyo angetia saini kununua ng'ombe sita wa mzee, miti yake ya maparachichi na biashara yote ya maziwa, ila kwanza alitaka kukamua mwenyewe.

Bandani, Atupele alikiosha kiwele cha ng'ombe wa kwanza, lakini ng'ombe akapiga teke, ndoo ikabiringika.

"Wamemzoea marehemu mke wangu," mzee akasema, akimpa kanga iliyochakaa ya mkewe. "Jifunge hii. Hata mimi huwa najifunga. Usicheke!"

Atupele alicheka. "Tangu lini, babu?"

"Mwaka wa pili huu."

"Basi mimi siianzi. Watanizoea hivi hivi. Wakinikataa, sinunui."

Akaokota ndoo, akakiosha tena kiwele kwa maji ya moto, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Akavuta. Patupu. Akavuta tena, taratibu, huku wateja wakianza kugongesha vidumu vyao getini.

Ng'ombe akashusha pumzi ndefu.

Mtoto akachungulia juu ya bega. "Mama, maziwa yanatoka."