Pikipiki Iliyolala Miaka Sita

Kheri alipiga kiki kwa mara ya ishirini, na pikipiki ya marehemu kaka yake ikakohoa tu. Ilikuwa imelala bandani miaka sita. Asubuhi ile alikuwa amebadilisha plagi, akamwaga petroli iliyochacha na kutia mpya. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisubiri langoni na mkokoteni wake.

Tausi, mjane wa marehemu, alisimama mlangoni. Alijua kinachokosekana. Kila asubuhi alikuwa akimwona mumewe akiilaza pikipiki kushoto mpaka petroli ijae kabureta na kudondoka chini, ndipo aipige kiki. Akisema sasa, Kheri ataiwasha na kuondoka nayo. Akinyamaza, itaondoka kwenye mkokoteni.

“Shemeji,” alisema, “nikiiwasha mimi je?”

Kheri alijifuta jasho, akamtazama mnunuzi, akacheka. “Ukiiwasha, shemeji, iwe yako. Huyu hapa shahidi.”

Tausi alijifunga kanga kiunoni. Akailaza kushoto taratibu, akiuzuia uzito wake kwa paja. Tone la kwanza likaanguka vumbini, kisha la pili. Kicheko cha Kheri kikakatika. Tausi akaiinua, akapiga kiki mara moja.

Moshi mweupe ukajaa ua mzima. Mnunuzi akageuza mkokoteni wake bila kuambiwa. Moshi ulipopungua, Tausi alikuwa ameshakaa kwenye siti, injini ikinguruma chini yake, na mkono wa shemeji yake ulikuwa umeshika usukani, haujaachia.