Saa Kumi na Mbili Zisizolingana

Siku tatu fundi wa programu alihangaika na sauti iliyokatikakatika kwenye programu ya muziki ya kampuni. Kumbe saa za kompyuta kumi na mbili zilizogawana kazi hazikulingana, vipande vya sauti vikafika shaghalabaghala. Akazilinganisha, akavaa hedifoni.

Badala ya wimbo, mwanamke alikohoa. "Usimwambie binti yangu naumwa. Atakosa raha kazini."

Mama yake! Kwenye simu aliyomnunulia yeye, akamwekea programu ile ile kwa majivuno.

Akavua hedifoni.

"Kumbe unaweza, dada!" Bosi alimpigapiga begani. "Sasa tunawasikia wateja hadi pumzi, wala hawana habari."

Aliuondoa mkono ule kama anayejipangusa kamasi, akavuta kibodi, akazivuruga tena saa zote kumi na mbili.