Ridhaa ya Zarife

Kabla ya kuwasha mshumaa wa ibada, mzee aliyeiongoza aliuliza, kama ilivyo desturi ya Waalevi, jamii ndogo ya kidini nchini Uturuki, iwapo kuna mwenye kinyongo na mwenzake. Akiwapo hata mmoja, ibada haianzi.

Zarife, mjane mshona magodoro, akasimama. "Mimi sijaridhika na Haydar."

Haydar alikuwa mgombea ubunge, wa kwanza kutoka mtaa wao. Akaja mbele, akapiga magoti na suti yake mpya.

"Juzi nilikuwepo uwanjani ulipohutubia," Zarife alisema. "Uliwaambia watu kwamba mji huu hauna Waalevi wala Wakurdi."

"Shangazi, hayo ni maneno ya jukwaani tu. Bila hayo chama kisingenipitisha. Nikishapata kiti, nitawasemea."

"Utawasemea akina nani, mwanangu?"

Haydar akamtazama mzee, aliyekuwa tayari ameshika kijiti cha kiberiti. Mzee alikirudisha ndani ya boksi lake, akaliweka sakafuni mbele ya magoti ya Haydar, kisha akaketi kungoja pamoja na wengine.

Nje, gari la chama likapiga honi, likapiga tena. Haydar alikuwa bado amepiga magoti, macho kwenye kile kiberiti.