Sauti ya Tatu

Mjini Tanga kila nyumba ilitoa albamu yake mara moja kwa mwaka. Kuta zilisikiliza wenyeji wakiimba jikoni na bafuni, zikaongeza gitaa, fidla na vinanda vya umeme, na siku ya uzinduzi majirani walikuja kusikiliza huku wakila sambusa.

Mwaka huu Mwanakombo na mumewe, Shekue, walisifiwa mno. Mvumo wa friji ulikuwa umegeuzwa besi, na ugomvi wao wa chumvi ukawa wimbo mtamu hata wenyewe wakacheka.

Wimbo wa mwisho ukaanza polepole. Mwanakombo akaitambua sauti yake, na ya Shekue. Ya tatu hakuijua.

"Mna mgeni, shoga?" akauliza jirani yake, Hidaya.

"Tuko wawili tu, tangu tuoane."

Sauti ile ilitamka maneno kama Mwanakombo, ikavuta pumzi kama Shekue.

"Ni nyumba," Shekue akasema kwa upole. "Labda imechoka kutusikiliza tu."

Watu wakapiga makofi. Mwanakombo naye akapiga, akatabasamu, kisha akajikuta anakwenda jikoni kuchukua sahani moja zaidi. Alipoiweka mezani, ukuta ukasema taratibu, "Ahsante, mama."